Waliokuja Kumlilia Konkodi

Mwalimu Felicitas alimwambia Jovita, binti muuza duka, maneno machache tu dukani, nayo yakatosha kuwatoa watu makwao. Alikuwa akinunua sukari na majani ya chai pale Nshamba, Jovita akamuuliza anatarajia wageni gani.

"Jumapili nafanya kumbukumbu ya Konkodi," akasema Mwalimu. "Anatimiza miaka ishirini tangu atutoke."

"Oo, pole sana, Mwalimu."

Mwalimu, ambaye kwa kweli alikuwa na huzuni yake kidogo, akajibu, "Ahsante, mwanangu," akabeba sukari yake akaenda zake.

Jovita hakujua kwamba Konkodi, yaani Concorde, ni ndege. Angejuaje? Ndege hiyo ya abiria, iliyokuwa ikikimbia mara mbili ya mwendo wa sauti, ilimaliza safari yake ya mwisho kabisa tarehe ishirini na sita Novemba, mwaka 2003, wakati Jovita bado anabebwa mgongoni.

Kwa Mwalimu mapenzi yalianzia Kashozi, alikozaliwa. Mwaka 1976 alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alifua vitambaa vya altare pale misheni, na katika ofisi ya paroko ilining'inia kalenda ya Ulaya. Mwezi wa Machi ulikuwa na picha ya Konkodi: mweupe pe, mwembamba, mabawa yametanda kama kanzu iliyoshikwa na upepo, pua imeinama chini. Felicitas akaganda pale mpaka mama yake akamaliza kazi. Mwaka ulipokwisha akaiomba ile kalenda. Padri akampa, akidhani mtoto anataka karatasi ya kufunikia madaftari.

Akasoma fizikia, akawa mwalimu, akaolewa Nshamba na Ta Datius, mkulima wa kahawa. Picha ikaingia naye chumbani siku ya harusi. Kila darasa alilofundisha lilijua kwamba Konkodi angetoka Nshamba hadi Bukoba mjini kwa dakika mbili, na Bukoba hadi Dar es Salaam kwa nusu saa, chai yako ikiwa bado ya moto. Alipostaafu kwa hiari, akabaki hana wa kumsimulia. Ta Datius alikwisha kusikia yote.

Ndipo akampata Twaibu, fundi redio wa Bilele, Bukoba mjini. Alimpelekea redio amtengenezee, akakuta ukutani kwake picha ya ndege ileile. Walizungumza kwa saa tatu, redio wakaisahau. Twaibu akaanzisha kundi la WhatsApp, na kufikia Novemba 2023 lilikuwa na watu ishirini na watatu, Bukoba na Muleba, wakitumiana picha za injini na kubishana kuhusu matairi. Wanane kati yao ndio walioalikwa kwa Mwalimu Jumapili ile.

Ilikuwa Jumapili ya Kristo Mfalme. Mwalimu alikuwa ametoka misa, anamenya ndizi nyuma ya nyumba, alipoona kanga zikija katikati ya migomba. Mbele alikuwa Ma Ephrasia, mwenyekiti wa chama cha kufa na kuzikana, kitambaa kichwani na uso wa kazi. Nyuma yake walikuja wanawake kama kumi na watano na mizigo ya kuni, kisha wanaume na mikungu ya ndizi. Hawakuuliza kitu. Walitandika nyasi sebuleni na uani, kama ifanywavyo msibani, wakaketi.

"Pole, Mwalimu," akasema Ma Ephrasia, akimshika mikono miwili. "Mbona umejifungia na msiba peke yako? Sisi ni watu gani?"

"Msiba upi, Ma?"

"Wa huyo uliyemtaja kwa Jovita. Jina la Kizungu hivyo, tukajua ni padri wa kwenu Kashozi. Padri Konkodi."

Mzee Karugendo, jirani wa bonde la pili, akatikisa kichwa kwa majonzi. "Namkumbuka vizuri," akasema. "Mzungu mrefu, mweupe sana. Pua ndefu."

Mwalimu akamtazama mumewe amwokoe. Ta Datius alikuwa ameegemea mlango, mdomo ameubana, mabega yanatikisika kwa kicheko. Wakati huohuo gari dogo likaingia uani, akashuka Twaibu na wenzake wa Bukoba wakiwa na spika kubwa. Twaibu akaona nyasi, akaona watu wameketi kimya, akavua miwani.

"Inna lillahi. Mwalimu, nani amefariki?"

"Konkodi," akajibu Mzee Karugendo.

Twaibu akageuza macho kwa Mwalimu, akarudisha kwa mzee. "Huku nako mnajua?"

Hapo Mwalimu akaona hakuna pa kutorokea. Akaingia chumbani, akatoka na ile picha ya kalenda, akasimama kama anayeanza kipindi. "Ndugu zangu, nisameheni. Konkodi ni huyu hapa. Ni ndege. Ndege ya kupanda watu."

Mwanamke mmoja nyuma akashangaa kwa Kihaya, "Mawe!" kisha akafunika mdomo. Mzee Karugendo akainuka, akaikagua picha kwa karibu, akarudi kuketi. "Pua ni ndefu lakini," akasema.

Hata kicheko kilipolipuka, Ma Ephrasia hakucheka. Alingoja kitulie. "Kuni tumekwisha kuleta," akasema, "na watu wamekwisha kuketi. Msiba hauondokwi bila kusikia habari za marehemu. Haya, Mwalimu, soma wasifu."

Mwalimu akasoma, hana karatasi. Aliwaeleza jinsi alivyoruka juu hata abiria wakaona anga limekoza weusi, jinsi mwili wake ulivyorefuka kwa joto la mwendo, na jinsi alivyoinamisha pua ili rubani aone kiwanja. Alisema alikunywa mafuta kupita kiasi, alipiga kelele, na wachache tu ndio walioimudu nauli yake. Aliposimulia ajali ya Paris ya mwaka 2000 na watu mia moja na kumi na watatu waliokufa, wanawake walipiga ishara ya msalaba. Hakuna aliyecheka tena.

"Na wewe," akauliza Ma Ephrasia, "ulimpanda lini?"

"Sijawahi kupanda ndege yoyote, Ma."

"Sasa unamlilia nini?"

"Nilikuwa nikichuma kahawa hapa, nikijua kwamba dakika ileile yuko juu ya bahari mahali fulani, anakwenda vile. Nilipenda kujua hivyo tu. Siku aliyoacha kuruka, nikaona dunia imepunguza mwendo, na watu hawakushtuka."

Ta Datius akajitenga na mlango. "Mimi nimelala naye chumba kimoja miaka thelathini na sita," akasema. "Ni mume mwenzangu. Pole nipeni na mimi."

Wakampa. Kisha Twaibu akafungulia spika sauti ya Konkodi akipaa, kuku wakatawanyika migombani, Mzee Karugendo akakamata kofia yake. Walikula ndizi, walitafuna senene wa kukaanga, lubisi, pombe ya ndizi, ikazunguka kwa wanaokunywa, na jua lilikuwa limelegea walipoagana.

Kikao kilichofuata cha chama kilipitisha kwamba kuanzia sasa marehemu atajwe ni kitu gani kabla watu hawajakata mikungu. Ma Ephrasia aliisoma kanuni hiyo mwenyewe, kwa sauti. Jioni yake akamwomba Twaibu amwingize kwenye kundi. Hajui kuandika kwenye simu, hivyo hutuma sauti, kwa Kihaya, kila ndege inapopita juu ya kibanja chake:

"Mwalimu, waitu, imepita moja sasa hivi. Inakwenda polepole kama mgonjwa."

Naye Mwalimu huacha chochote alichoshika, akatoka nje kuitazama.