Nyuki Walioingia kwenye Kipimo cha Damu

Agosti mwaka jana nilimpoteza mume wangu, baba Neema, na kila nikimkumbuka, kabla machozi hayajafika inatangulia aibu ya siku ya kipimo.

Alikuwa amepasuliwa ini, wakaondoa sehemu yenye saratani, na daktari akatueleza kwamba watampima damu kila mara, maana damu huonyesha mwili unavyowaka ndani, na ukiwaka sana baada ya upasuaji kuna hofu ugonjwa utarudi. Nikaelewa vizuri kabisa. Ila sisi wa kijiji cha Issuna hatuendi mikono mitupu kwa mtu aliyetutendea wema, kwa hiyo siku moja kabla ya kipimo nikasema tumrinie daktari asali. Nilimweka mgonjwa kivulini, nikapanda mwenyewe mtini kwenye mzinga (mimi, ambaye sijawahi kurina hata mara moja), kijinga cha moshi kikazimika, na nyuki wakanipita mimi wakamfuata yeye.

Kesho yake alitolewa damu akiwa amejifunika kanga yangu gubigubi, nikadanganya kwamba anasikia baridi. Mchana daktari akatuita, mimi, yeye na wifi yangu.

"Mama, majibu si mazuri. Damu inaonyesha mwili unawaka sana. Tujiandae."

Wifi akaanza kulia, huku akitafuta simu awaite ndugu. Baba Neema akafunua kanga: jicho limefumba, mdomo umeumuka kama andazi.

"Daktari, kabla hamjanizika, muulizeni huyu jana alinipeleka wapi."

"Ni nini hiki, mama?"

"Nyuki."

"Wangapi?"

"Sikuhesabu, daktari. Nilikuwa nakimbia."

Wifi akaacha kulia. "Ukamwacha kaka yangu?"

"Nilimwacha, wifi."

Daktari akageukia dirishani, mabega yanatikisika kwa kicheko, na kabla ya jioni hospitali nzima ilinijua (hadi mlinzi wa getini alinisalimia, "Shikamoo mama nyuki"). Niliapa sitagusa mzinga tena, na sijagusa.

Baada ya wiki chache walirudia kipimo, damu ikawa imetulia. Tukavuna alizeti misimu miwili zaidi pamoja. Halafu damu ikaonyesha tena mwili unawaka, na daktari akamgeuza uso huku na huku kwenye mwanga, akimkagua hadi nyuma ya masikio. Hapakuwa na alama yoyote.

"Safari hii hujanifanya kitu, mama Neema," mume wangu akasema, akanishika mkono, tukatoka.