Kikombe cha Mama Nader

Saa nne asubuhi, fundi Wagih Boutros amepiga magoti nyuma ya kabati la sebuleni, katika nyumba moja ya mtaa wa Muharram Bek, Aleksandria. Anachomeka waya kwenye matundu ya kurekodia ya amplifaya na kuziunganisha na ikwalaiza, kifaa chembamba chenye vitufe kumi vya kupandisha na kushusha sauti, kuanzia besi nzito hadi sauti nyembamba kabisa.

Mkewe, Insaf, ambaye watu humwita Mama Nader kwa jina la mwanawe, ameketi kwenye kochi na chai yake. Mwenye nyumba, Bwana Lutfi, mkaguzi mstaafu wa tiketi za tramu, anadhani mama huyu amekuja kusalimia tu.

Kanda inaanza kuimba. Wagih anapandisha kitufe. Insaf anapiga funda, Wagih anaendelea. Insaf anakiweka kikombe kwenye sahani, Wagih anashusha kidogo.

"Mama Nader, chai imepoa hiyo, lete nikubadilishie," anasema Bwana Lutfi.

"Acha tu, inatosha."

"Kwangu hapana," anajibu, na kikombe kinaenda jikoni.

Wagih anabaki peke yake na vitufe vyake. Anasukuma cha mwisho hadi juu. Bwana Lutfi anarudi amekunja uso.

"Usta, mbona inakwaruza meno?" anauliza, kwa jina la heshima wanaloitwa mafundi stadi hapa.

Wagih anamgeukia mkewe. "Insaf, niambie tu. Unasikiaje?"

Fundi huyu ana miaka sitini na tatu, thelathini na minane kati ya hiyo akiwa kazini. Miaka mitatu iliyopita daktari alimwambia kuwa hasikii tena sauti nyembamba. Mwaka huo wateja wanne walimwita arudie kazi.

"Nilikuwa nasawazisha kwa masikio yangu, wanaumia wao," anasema. Hulipwa pauni mia saba kwa nyumba, na nyumba hazizidi tano kwa mwezi. "Nikawaza, wakijua, nani ataniita?"

Ndipo wakabuni ishara za kikombe. Inatia huruma kumwona akiutazama uso wa mkewe. "Fidla inapopanda juu kabisa, naijua kwa macho yake. Mimi sisikii kitu."

Bwana Lutfi anamkazia macho. "Kwa hiyo sifa zote hizi mjini, fundi ni mama?"

"Muziki wenyewe siupendi, baba," anasema Insaf. "Najua tu kinachouma."

Bwana Lutfi anacheka hadi anajifuta machozi. Anavuta kiti, anakiweka katikati ya spika mbili na kumkabidhi Insaf kikombe cha chai ya moto. "Kaa hapa, usta. Kule kochini ulikuwa mbali na kazi."

Kitufe cha mwisho kinashuka kidogo kidogo, mpaka Insaf anasema basi.

Wagih anataka habari hii iandikwe yote, pamoja na habari ya masikio yake. Mwezi ujao atapaka upya kibao cha duka lake la ufundi, na jina la Insaf litakuwa juu ya jina lake.

"Sasa tutasema kwa mdomo," anasema. "Mambo ya vikombe yamekwisha."

"Ya vikombe yaishe," anasema Insaf. "Chai ibaki."