Kumi na Moja Iko Juu ya Gesi

Kuna kipindi cha maisha yangu, wala si cha zamani, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba gesi inayochimbwa Mnazi Bay inakula mtandao.

Habari hii niliipata kwa kinyozi, hapa hapa mtaani kwetu Likombe. Jamaa aliyekuwa ananyolewa kiti cha pili alieleza kwamba ikifika jioni wale wa gesi wanafungua koki kubwa, gesi inapanda, inatambaa juu ya mikorosho mpaka mjini, na Wi-Fi ikikutana nayo inalegea kama mkate uliozama kwenye chai. Alisema ameiona kwa macho yake.

"Gesi haionekani," mmoja akambishia.

"Ndiyo maana wewe hujaiona," akajibu.

Hoja hiyo ilinitosha. Mimi nikatoka pale nusu ya kichwa ikiwa haijanyolewa, au angalau ndivyo ninavyokumbuka, nikakimbilia nyumbani kumweleza mke wangu kwamba ugonjwa wetu umejulikana.

Maana ugonjwa tulikuwa nao. Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya kulipia, mkataba ukaisha, akakaa nyumbani miezi akipanga na kupangua vikombe. Kisha akajitafutia kazi yake mwenyewe: kufundisha Kiswahili wageni walio nchi za mbali, kwa video, kutoka sebuleni kwetu. Jioni, baada ya magharibi, anavaa blauzi nzuri juu na kanga chini, anakaa mbele ya kompyuta, na watu wazima wenye ndevu zao wanamwamkia "shikamoo, Mwalimu" kutoka huko kwenye theluji. Nilikuwa nasimama nyuma ya pazia nasikiliza. Sijawahi kumwona mtu anang'aa vile. Taa ya sebuleni ilikuwa kama haina kazi.

Lakini saa hiyo hiyo ya kung'aa ndiyo saa ya mtandao kukata. Kwenye vioo vya wanafunzi anaganda katikati ya neno, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Akirudi, wanafunzi wameshasahau walipokuwa. Akikata tena, mmoja anaaga. Msimamizi wake, mama mpole ambaye hatukuwahi kumwona ana kwa ana, alivumilia mpaka akachoka, akaandika kwa adabu: Alhamisi ijayo ataingia darasani asikilize kipindi kizima. Kikikatika tena, darasa atapewa mwalimu mwingine.

Mke wangu alinisomea ujumbe ule mara moja tu, akaenda jikoni. Nikasikia vikombe vinapangwa.

Tangu hapo sikukaa. Hata chakula nilikula nimesimama, naikodolea macho ruta pale juu ya kabati: taa ya kijani, taa ya kijani, nyekundu, kijani. Nikiamka kwenda haja, naipitia. Nikiwa kazini bandarini, mguu unacheza wenyewe chini ya meza mpaka mwenzangu akauliza kama nimejiandikisha kucheza ngoma.

Na ushahidi wa gesi, mimi nilikuwa nao ukutani. Jirani tunayepakana naye ukuta kwa ukuta alikuwa anafanya kazi huko huko kwenye gesi. Mtaa mzima tulimwita Mtu wa Gesi. Anakwenda huko wiki kadhaa, nyumba yake kimya, imefungwa. Anarudi kupumzika, anaanika ovaroli yake kwenye kamba, anawasha mpira kwenye televisheni yake ya mtandao. Sasa sikiliza: akiwa hayupo, mtandao wetu unajikongoja. Akirudi tu, jioni ile ile, unakufa. Kila mara! Nilifuatilia. Mtu aliyesoma anafuatilia.

"Gesi anakuja nayo kwenye nguo," nikamwambia mke wangu. "Ile ovaroli ndiyo inayotumaliza."

"Kamwambie basi akaianike huko mbali, Ziwani," akasema, bila kuinua macho kwenye madaftari yake.

Niseme kidogo kuhusu kusoma kwangu, kwa sababu ndiko kulikoniponza. Kidato cha nne nilikimaliza ukubwani, shule ya usiku, kwenye madarasa ya watoto wa msingi, magoti yamegusa kidevu. Mwalimu wa fizikia alitufundisha mawimbi kwa muda mfupi kabla umeme haujakatika, na mengine akayaeleza gizani. Kwa hiyo fizikia ninayo, ila ile ya gizani ni nyingi zaidi kuliko ile ya kwenye mwanga.

Nikampigia fundi aliyetufungia mtandao.

"Umejaribu kubadili chaneli?" akauliza.

"Chaneli ya televisheni?"

"Ya ruta, mzee. Ruta inaongea kwa njia yenye namba. Ingia kwenye mipangilio utaziona, moja mpaka kumi na tatu. Yako niliiweka sita. Nyumba zote za mtaa wenu niliziweka sita, huwa haina matatizo."

Alinielekeza namna ya kuingia kwenye mipangilio kwa simu. Mengine aliyosema sikuyasikia, kwa sababu kichwani mwangu giza la fizikia lilikuwa limeshawaka. Namba! Zinapanda! Gesi inatambaa chini, juu ya mikorosho. Sita ni namba ya kimo cha mkorosho, lazima iliwe. Dawa ni kupanda juu.

Sikuwa mtu wa nusu nusu. Nikaenda kumi na tatu moja kwa moja. Kompyuta ya mke wangu, ambayo ina umri wa ndoa yetu, ikasema haioni mtandao wowote.

"Umefanya nini?" akaita kutoka sebuleni.

"Nimepandisha mno!" nikamjibu. "Umepita kichwa cha nyumba!"

Nikashuka kumi na moja. Na hapo, ndugu zangu, mambo yakatulia. Jioni ile alifundisha mwanzo mpaka mwisho bila kuganda. Kesho yake tena. Video ikawa safi hata ukahesabu unywele mmoja mmoja kwenye ndevu za wanafunzi. Mke wangu akatoka sebuleni akiimba. Na Mtu wa Gesi alikuwa hayupo, lakini hilo sikulitilia maanani, maana nilishajua: kumi na moja iko juu ya gesi.

Sasa, mimi nimelelewa na mama ambaye ming'oko ikiiva jikoni kwake, jirani ameshapokea sahani kabla sisi hatujanawa. Viazi vile vya porini havichimbwi kwa urahisi, lakini kuvila peke yako ukiwa umefunga mlango, kwetu ni jambo la kusemwa mpaka msibani kwako. Na sahani ikivuka ua, hairudi tupu. Hivyo ndivyo ninavyojua kuishi. Nimepata kitu kizuri, mtaa mzima unateseka na sita yake, nitalalaje?

Jumatano, siku ambayo mke wangu hana kipindi, nikanunua ming'oko ya kuchemsha, nikaigawa kwenye sahani, nikazunguka. Kila sahani na namba yake ya kumi na moja. Nilianzia kwa Mama Duka, mtu wa Mikindani, mjane mwenye duka mbele na maneno nyuma.

"Hii ming'oko ina nini leo, mbona umeileta mwenyewe?" akauliza.

"Ina elimu, mama. Lete simu nikuhamishe chaneli."

"Nihame niende wapi? Nyumba nimejengewa na marehemu."

"Unahama hewani tu. Gesi haitakufikia."

"Subhanallah. Na hiyo gesi ikigundua tumehama, haitatufuata?"

Nikamwambia haina uwezo wa kupanda huko. Akanipa simu. "Fanya. Ikiharibika utanisomea wewe ujumbe wa wanangu walioko Muscat, kwa sauti."

Hivyo hivyo nyumba hadi nyumba: mwalimu mstaafu, akaniambia "Mungu akubariki, kijana," na mimi nina mvi, karani wa mahakama, ambaye alitaka nimthibitishie kwa maandishi, familia ya mchungaji, walioniombea kabla sijagusa ruta. Wote nikawapandisha kumi na moja. Sahani zikaanza kurudi jioni ile ile: mihogo, vitumbua, papai. Nililala nikijiona nimeukomboa ukanda mzima mpaka mdomo wa mto Ruvuma.

Alhamisi ikafika. Na Mtu wa Gesi naye akafika, na begi lake na ovaroli yake. Nilimwona akiianika kambani. Lakini nikajipa moyo: tuko juu.

Magharibi ikapita. Mke wangu akavaa ile blauzi. Nyuma ya pazia nikamsikia akimkaribisha msimamizi, sauti yake imenyooka, haina hata mkunjo. Kipindi kilikuwa cha kununua vitu sokoni. Wanafunzi wakaanza kuuliza bei ya nyanya. Kisha nikasikia sauti ya mwanafunzi kutoka kwenye kompyuta, "Nyanya hizi ni... nyanya hi... hi..." na kimya.

Nikachungulia. Kwenye kioo uso wa mwanafunzi umeganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba.

Akarudi. Akakata. Akarudi. Mke wangu akageuka kunitazama pale pazia lilipo, kwa hiyo alikuwa anajua siku zote kwamba huwa nasimama pale. Macho yake yalikuwa yameshaanza kupanga vikombe.

Sikumbuki kama nilivaa ndala. Nakumbuka niko mlangoni kwa Mtu wa Gesi, nagonga kwa viganja vyote viwili.

"Kaka, nakuomba, toa ile ovaroli kwenye kamba!"

Akatoka na kikoi chake, bakuli la karanga mkononi. "Kuna mvua?"

"Kuna gesi! Inatuharibia mtandao, na shemeji yako yuko darasani, na bosi wake yumo ndani, na ukikata tena kazi inakwenda!"

Akaliweka bakuli chini. Nampenda kwa hilo mpaka leo, kwamba hakucheka kwanza. Akatoa simu, akafungua programu fulani inayochora mitandao ya karibu kama vilima vya rangi. Pale palipoandikwa sita palikuwa na kilima kimoja. Pale kumi na moja vilima vilikuwa vimepandana kama watu wanaogombea kivuli.

"Ehe," akasema. "Mimi nashangaa tangu nimefika mpira unaonekana vizuri. Niko sita peke yangu kama sultani. Nani kawahamishia watu wote huku?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Na ming'oko," nikasema.

Hapo ndipo akacheka, lakini huku anatembea kuja kwetu. "Haraka. Mhamishe shemeji aende moja."

"Moja?" Nikasimama katikati ya uwanja. "Kaka, moja iko chini kabisa! Si italiwa yote?"

"Hamisha!"

Nikaingia kwenye mipangilio. Moja. Nikabonyeza. Taa za ruta zikazima zote, na mimi nikazima nazo. Zikawaka moja moja. Sebuleni mke wangu akavuta pumzi, akabonyeza, akasema kwa sauti ile ile isiyo na mkunjo: "Samahani sana. Tulikuwa kwenye nyanya."

Wakauziana nyanya. Wakauziana samaki, wakapunguziana bei, wakaagana. Mimi na Mtu wa Gesi tulikuwa nyuma ya pazia, tumebanana, hatupumui. Wanafunzi walipotoka, msimamizi akabaki. Alisema ameona ilivyokatika mwanzoni. Alisema pia ameona mwalimu alivyorudi bila kubabaika, na kipindi kilichobaki hakikuwa na dosari. Waendelee, ila asirudi tena kwenye ile hali.

Mke wangu akafunga kompyuta. "Tokeni humo," akasema, "pazia litakatika."

Tukakaa barazani. Vitumbua vya Mama Duka vilikuwa bado vipo, akavileta. Miguu yangu ilikuwa bado inacheza, haijapata habari kwamba mambo yamekwisha. Nikavumilia kitumbua kimoja, nikashindwa.

"Kwa hiyo kaka," nikamuuliza Mtu wa Gesi, "jioni mnapofungua ile koki kubwa..."

"Koki gani?"

Nikamweleza yote: kwa kinyozi, mikorosho, ovaroli, na mtandao unavyokufa kila akirudi. Mke wangu akajifunika uso kwa kanga. Mtu wa Gesi akasikiliza mpaka mwisho, akafuta mafuta ya kitumbua vidoleni.

"Gesi iko ndani ya bomba, kaka. Ikitoka nje utakosa nyusi, si Wi-Fi. Nikisafiri huwa nazima ruta yangu, nikirudi naiwasha. Yangu ilikuwa sita, yako sita, ukuta ni mmoja, zinaongea kwa pamoja hazisikilizani. Kumi na moja ilikuwa nzuri kwa sababu ilikuwa tupu. Ukaijaza. Kesho waambie wagawane: wengine moja, wengine sita, wengine wabaki kumi na moja. Gesi haihusiki."