Nimeacha Sukari Kwenye Kahawa, Ukweni Wamemchukua Mtoto Wangu

Admin, jina langu lifukie kabisa, maana ukisema tu "yule bonge mcheshi wa vifaa vya ujenzi Nyamagana", nusu ya Mwanza wameshanijua. Nina miaka 44, mke mmoja, watoto watatu. Shule niliishia la saba, lakini kahawa nimeinywa Kampala, Nairobi, mpaka China nilikofuata mabomba, kwa hiyo msinione wa kuja.

Karibu na dukani kwangu kuna mgahawa wa kahawa. Wenzangu mimi ndiye niliyewafundisha kukaa pale. Nilikuwa naagiza ile ya barafu, kikombe kikubwa kuliko vyote, sirapu ya karameli, krimu juu imesimama kama kofia ya askofu, na meza nzima nawaagizia hivyo hivyo. Hajawahi kutoka mtu kwangu na kiu, hata adui.

Sasa nilipopima afya, daktari akaniambia sukari imeanza kupanda. Akasema, "Kahawa kunywa, ila agiza kikombe kidogo, sirapu hapana, krimu hapana. Ukitaka maziwa, weka kidogo." Nikaona rahisi, mimi mwanaume.

Siku ya kwanza nimeagiza nyeusi, mezani nilikuwa na kaka wa mke wangu, anayefanya biashara ya mchele Magu. Akaweka kikombe chake chini taratibu.

"Shemeji, sirapu?"

"Nimeacha."

"Krimu?"

"Nimeacha."

"Na duka la pili umefungua juzi tu." Akaniangalia mpaka nikajishika kola. "Nani kakupa hayo masharti?"

Nikacheka, nikamjibu kimzaha, "Mganga wangu mkali, shemeji, hata asali kakataza."

Jamani! Mzaha ule ulifika nyumbani kabla yangu. Huku kwetu mtu akipata mali halafu akaanza kususa vitu, hawaulizi anaumwa nini. Wanauliza kaenda kwa mganga gani, na atamlipa kwa nani. Na malipo ya mambo hayo, watu husema ni mtoto.

Tangu hapo mke wangu akawa ananusa kikombe changu. Nikimpakata kitinda mimba wetu, binti wa miaka sita, anaitwa jikoni kufanya kazi isiyokuwepo. Nikamwambia mama watoto, twende wote kwa daktari ukasikie mwenyewe.

"Wewe? Daktari utamchekesha mpaka aseme unachotaka. Na ugonjwa gani huo unakataza krimu, halafu mlima wa ugali unaruhusu?"

Hapo kwenye ugali alinipata.

Na mimi nikaanza kuwashuku wao. Huyu shemeji, mbona duka langu linamuuma kuliko afya yangu? Mbona anampigia dada yake nikiwa bafuni, nikitoka simu inakatwa? Wiki iliyopita narudi nyumbani, kitinda mimba hayupo. Eti kaenda likizo kwa bibi yake Magu. Likizo gani, na shule hazijafungwa?

Baba mkwe akanipigia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama anayetema mfupa. "Jumamosi tunakuja hapo unapokunywa. Nitakuagizia mwenyewe ile yako ya zamani, kubwa, na kila kitu juu. Ukiimaliza mbele yetu, mtoto wako tunaye, utamchukua. Ukikataa, tumekuelewa."

Najua kikombe kimoja hakitaniua. Lakini nikikimaliza, si watasema nimevunja masharti, kwa hiyo nilikuwa nayo kweli? Na Jumatatu nikiagiza nyeusi, si watamchukua tena? Nitanywa ushahidi mpaka lini? Nisipokunywa nako, ndiyo nimejihukumu.

Jana nilimbembeleza mama mkwe mpaka akampa mwanangu simu. Huyu mtoto akisikia sauti yangu tu huwa anacheka kabla sijasema chochote. Jana hakucheka. Akauliza polepole, kama anaogopa nimsikie:

"Baba, nikirudi utanifanya nini?"



Jumamosi ni kesho kutwa. Wenye wakwe, wenye sukari, wenye watoto, semeni nami bila kunionea aibu: ninywe, au nisinywe?