Pete za Miguuni mwa Kerubo

Nakumbuka siku moja ya soko pale Kebirigo, nikiwa msichana mwenye mdomo mwepesi kuliko miguu. Mwanangu, ulimi hauna mfupa.

Kaka yangu Makori alikuwa askari kule kaskazini, miaka ile ya vita vya mpakani baada ya uhuru. Kazi yake ilikuwa kusukuma magunia ya chakula kutoka mlangoni mwa ndege, wenzake walio chini wayaokote. Siku hiyo sokoni nikamkuta askari aliyekuwa likizoni akisimulia: Makori ameteleza pamoja na gunia, kamba aliyojifunga kiunoni ikamdaka, akabaki ananing'inia nje ya ndege, wao walio chini wakimtazama tu mpaka ndege ikapotea nyuma ya vilima.

Sikungoja aendelee. Niliacha ndizi zangu pale pale, nikakimbia nyumbani nikipiga mayowe ya msiba.

Mke wa Makori, Kerubo, alikuwa shambani akichuma chai. Alivaa ebitinge, zile pete za chuma za miguuni ambazo mke wa Kigusii havui maadamu mumewe yu hai. Aliposikia mayowe yangu aliketi chini, akaanza kuzivua kwa nguvu, ngozi ikichubuka. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu tayari bibi yetu, tuliyemwita Magokoro, alipofika akamshika mkono.

"Nani ameuona mwili?" bibi akaniuliza.

"Askari amesema, Magokoro."

"Amesema Makori amekufa?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi aliyemuua ni wewe. Rudi ukamuulize!"

Nilirudi mbio. Askari alikuwa ameshaondoka, na hakuna aliyejua kwao.

Siku kumi na saba, mwanangu. Mama hakula chakula cha maana. Majirani hawakujua waje kutupa pole au wakae kwao. Na Kerubo alitembea uani, mguu mmoja ukilia chuma, mwingine kimya, nami kila nikisikia hatua zile niliogopa hata kumtazama usoni. Ningezoa vipi maji niliyomwaga?

Makori alifika saa za mchana, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Wenzake walikuwa wamemvuta ndani ya ndege, bega likiwa limetoka mahali pake. Kumbe yule askari alikuwa hajamaliza habari yake.

Hakutusalimu. Alitazama miguu ya mkewe.

"Huu umenizika," akasema polepole. "Na huu umeningoja."

Ndipo Kerubo alipolia. Pete za kulia hakuzivaa tena, maana wazee walisema zilizovuliwa kwa msiba hazirudi. Miaka yote aliyoishi nilimsikia akipita na mguu wake mmoja wa kimya, na hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Habari ya kifo isikilize hadi mwisho, kisha uliza tena, kabla hujafungua kinywa. Mungu akupe masikio yenye subira, na wako walio mbali warudi wakukute bado unawangoja.