Redio ya Bei Rahisi na Posa Yangu ya Kesho

Wasee, kesho napeleka posa Cheptiret.

Niliingia duka moja hapa Eldoret kutafuta redio ndogo ya memori kadi, bei rahisi tu, iniimbie nikikamua ng'ombe zangu sita.

"Jaribu na memori yako," mwenye duka akasema.

Nikachomeka. Badala ya wimbo ikatoka sauti yangu niliyojirekodi jana, nikifanya mazoezi ya kesho:

"Wazee wangu, mimi ng'ombe sina, nina mmoja tu..."

Mzee aliyekuwa akinunua betri akageuka.

Mjomba wa mchumba wangu, na ng'ombe zangu sita anazijua!

"Rudisha hapo kwa ng'ombe," akasema.

Nilitoka mbio, memori nikaiacha ndani ya redio. Kurudi, redio haiko.

"Mzee ameinunua," mwenye duka akaniambia. " Anasema wazee wenzake pia waisikie."

Ungekuwa mimi, ungeenda kesho?