Kitako cha Mti wa Jozi

Mwaka 2015 nilikuwa naishi Highview, Louisville, na mzee mmoja wa Kimarekani wa kanisani kwetu ndiye aliyenifundisha kuendesha gari. Alikuwa na bastola kuukuu ya Kijerumani, ya aina inayopachikwa kitako cha mbao nyuma ili mtu aiegemeze begani. Kitako chenyewe hakikuwepo. Nikajua shukrani yangu imepatikana, maana kwetu mtu hashukuriwi mikono mitupu.

Baba aliishi Buffalo, karibu na Grant Street. Kambini Tanzania, tulipokuwa wakimbizi, alikuwa seremala wa kutegemewa. Marekani alikuwa mtu wa kukaa kwenye kochi. Nikampelekea picha na vipimo vya ile bastola anichongee kitako. Nilipokwenda kukichukua, kilikuwa cha mti wa jozi, kimepigwa msasa mpaka kinateleza, kimeviringishwa ndani ya kanga ya mama. Baba alinikabidhi kifua mbele.

Njiani kurudi nililala Columbus kwa dada yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu. Akauliza kama nimesoma sheria kwanza. Nikamcheka. Ubao tu huu, nikamwambia, nani ataukataza?

Mzee alipofungua ile kanga hakukigusa. Alinieleza polepole, kama alivyonieleza breki. Bastola yake ikiwa na kitako chake cha asili, cha enzi zake, sheria inaihesabu kuwa kitu cha kale cha ukumbusho, kisichohitaji kibali hicho cha bunduki fupi. Ikipata kitako kilichochongwa nyumbani inageuka bunduki fupi kisheria, na hiyo lazima iombewe kibali na kusajiliwa serikalini mapema. Hata kuviweka vyote viwili nyumba moja kungeweza kumtia matatani.

Kisha akakinyanyua kwa mikono miwili, akanirudishia.

"Mwambie baba yako ni fundi kwelikweli," akasema. "Lakini kitoke humu leo."

Uso uliniwaka kwa aibu. Sisi tuliokimbia bunduki, nami ndiye niliyekaribia kumtia hatiani kwa bunduki mtu aliyetupokea, na kwa mkono wa baba.

Sijafika kwangu, baba akapiga simu. Nikaegesha gari pembeni.

"Amekipokeaje?"

"Alikishika kwa mikono miwili, baba."

Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kambini. Akasema ameshanunua mbao nyingine, nimuulize mzee kama ana rafiki mwenye bastola kama ile. Nikamjibu nitamuuliza. Kitako kilikuwa kwenye kiti cha nyuma, ndani ya kanga ya mama.